Jinsi ya kutengeneza wimbo wako chumbani hapa Kigoma, ukiwa na simu, visoda na komedi ya TV

Mi ni mchoraji, nachora mabango ya maduka na majina ya mitumbwi hapa Kigoma, na watu wanaopita kibandani kwangu Mwanga wananikutaga naangalia komedi kwenye simu, brashi mkononi, pembeni kuna kidumu nimekifunga spoki za baiskeli, wanauliza sasa we kazi yako hasa ni ipi. Kazi ni hiyohiyo moja. Komedi ya TV, sanaa ya kisasa ile ya vitu ambavyo watu wanavikataa wanasema hii nayo ni sanaa kweli, na muziki wa kujitengenezea nyumbani, vyote vitatu navipenda sana na kila kimoja kimenifundisha kingine. Sasa kuna wadogo zangu kadhaa wameniomba niwaonyeshe navyorekodi bila kwenda studio, nikaona bora niandike yote sehemu moja. Ukiwa na simu ya kawaida na jioni za wiki mbili hivi utatoka na wimbo wa dakika mbili ambao hutaona aibu kumsikilizisha mtu.

Usianze na biti, anza na komedi

Najua mtu anataka kukimbilia biti, subiri kwanza. Siku tatu za mwanzo angalia komedi tu ila uangalie kama fundi anavyoangalia kiti cha fundi mwenzake. Chukua kipande chochote cha King Majuto, yule mzee wetu Amri Athumani wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, chagua kile ulichokiona mara nyingi mpaka maneno yake unayajua kichwani. Zima sauti, angalia uso peke yake. Utaona kuna mahali mtu kaongea na mzee hajibu, anamwangalia tu, anageuka pembeni, anarudi, ndo anafungua mdomo, na we ulishaanza kucheka zamani, kwenye ule ukimya, jibu lilikuja kukukuta unacheka tayari.

Sasa washa sauti, chukua saa ya simu ile ya kuhesabu sekunde, pima ukimya ule. Pima kweli usikadirie. Sekunde mbili, mbili na nusu, moja na kidogo, andika kwenye daftari na uandike pembeni nani alikuwa anamwangalia nani. Mi nina daftari zima la namba hizi na ndilo ntakalolishika kwanza nyumba ikishika moto, na huko mbele utaona zinafanya kazi gani kwenye wimbo.

Siku ya pili angalia Mr. Bean wa Rowan Atkinson. Vipindi vile vya TV vilikuwa 15 tu, vilitengenezwa Uingereza kuanzia 1990 mpaka 1995, na hapa mpaka leo mtoto anavicheka bila kujua Kiingereza hata neno moja, kwa sababu yule haongei, vinavyoongea ni vitu: mlango, kiti, kijiko, breki za kale kagari. Kaa na kipindi kimoja umekipa mgongo, usione picha kabisa, sikiliza tu. Orodhesha kila sauti ya kitu unayoisikia. Hapo unajifunza kwamba kiti kikiburuzwa kwa wakati wake kinaweza kubeba stori yote.

Siku ya tatu ni ya Joti. Waliomfahamu tangu enzi za Ze Comedy pale EATV, kabla hawajahamia TBC1 wakawa Orijino Komedi, wanajua mtu mmoja huyohuyo anakuwa bibi, anakuwa mtoto, anakuwa mzee mkorofi, na kila mmoja unamjua kabla hajavuka mlango. Angalia anavyobadilisha shingo na mabega kwanza, sauti inafuata mwili. Hii tutaitumia tukifika kwenye kurekodi koras, usiisahau.

Halafu sanaa ya kisasa, dakika kumi za kukaa gizani

Hapa ndo huwa nabishana na watu mpaka chai inapoa. Uingereza kuna tuzo kubwa ya sanaa inaitwa Turner, mwaka 2001 aliichukua jamaa anaitwa Martin Creed, na alichoweka pale ni chumba kitupu, taa inawaka sekunde tano, inazima sekunde tano, inawaka, inazima, basi. Watu walikasirika mno. Mi niliposoma habari hiyo sikukasirika, nilitaka kujua ukiwa ndani ya hicho chumba inakuwaje, nikamwita mdogo wangu jioni, tukatoa meza na viti, yeye akakaa chini mi nikasimama kwenye swichi nahesabu moja mpaka tano. Mzunguko wa kwanza anauliza maswali, wa pili ananyamaza, ulipofika kama wa nne akaanza kupiga kofi moja kila taa ikizima, hakuna aliyemwambia. Kaingiza mapigo mwenyewe. Kuanzia siku ile nikajua kitu kikirudi kwa wakati uleule mwili wa mtu unakisubiri, na ukikichelewesha kidogo tu mwili unashtuka, na huo mshtuko ndo uleule wa King Majuto kukaa kimya. Baadae nikaja kujua Creed mwenyewe ana muziki wake, anapiga gitaa anaimba, wala sikushangaa.

Fanya na wewe hilo zoezi, halina gharama. Kama umeme umekatika tumia tochi ya simu.

Msanii mwingine wa kumjua ni Lubaina Himid, kazaliwa Zanzibar 1954 akakulia Uingereza, naye aliichukua hiyohiyo Turner mwaka 2017. Huyu anachora juu ya vitu vilivyokwisha kutumika, masahani ya zamani, droo za kabati, na ana michoro kaipanga kama kanga kabisa, pindo, mji, na maneno pale chini. Jamani kanga! Kitu ambacho mama zetu wanajifunga wanaenda nacho msibani, na jina lake linamsema mtu bila mdomo kufunguka. Kwa hiyo ukitafuta mashairi usijikamue kichwa, toka nje usome. Soma kanga kwenye kamba, soma nyuma ya bajaji, soma ubavu wa mitumbwi pale Kibirizi. Mi nina bahati ya kuyaandika hayo majina kwa mkono wangu, na wimbo wangu niupendao kuliko zote ni majina ya mitumbwi tisa yamepangwa mfululizo, sikuongeza neno. Andika thelathini, usichague bado. Ila jina la mtu binafsi uliache, wimbo ukisambaa hujui utamkuta nani.

Vyombo vya kupiga

Mwite El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka kule Nigeria, anachukua vifuniko vya chupa za pombe kwa maelfu, anavibonda, anaviunga kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa la dhahabu la kufunika ukuta mzima. Tangu nione picha za kazi zake sijawahi kupita mbele ya baa bila kuinama kuokota visoda. Vyetu tunavitumia hivi: vitoboe katikati kwa msumari, vitunge kwenye waya visivyobana, ishirini vinatosha, hiyo ndo kayamba yako. Ukivibonda bapa sauti inakuwa kali na nyembamba, ukiviacha na meno yake inakuwa nzito zaidi. Tengeneza zote mbili.

Marimba ya mkono ndo kazi yenyewe na mi hapa naweza kukaa siku nzima. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe spoki mbovu, kata vipande nane, kila kimoja gonga kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ncha moja iwe bapa kama ulimi. Chukua kibao laini, weka vijiti viwili vya chuma, kimoja juu kimoja chini ya spoki, kaza kwa waya uliopitishwa kwenye matundu mpaka spoki zisicheze. Kupanga sauti ni kuvuta na kusukuma: ulimi ukiwa mrefu sauti inashuka, ukiufupisha inapanda. Na kuna hesabu moja nzuri sana hapa, kama unene ni uleule, ulimi wa sentimita 7 ukiukata ukabaki karibu na 5 unapata noti ileile ya juu yake, haihitaji kufika nusu kama kamba ya gitaa. Kwa hiyo spoki nane zote zinakaa kati ya 7 na 5, ukisogeza milimita moja tayari sauti imehama, nenda taratibu. Kibao ukiweke juu ya kidumu cha mawese cha lita tano kilichooshwa vizuri na kukatwa tundu la ukubwa wa kiganja, ndo sanduku lako la sauti. Ukitaka ule mvumo kama wa nyuki, pigilia visoda viwili mbele ya kibao, vilegee.

Ng'ambo ya pili ya hii nchi tunayoiona kuvuka ziwa, mbali kule Kinshasa, kuna kundi la Konono No. 1 la marehemu mzee Mingiedi, wao marimba hiyohiyo wanaita likembe, wakataka isikike mtaa mzima wakatengeneza maiki wenyewe kwa sumaku za magari chakavu. Wakaishia kupiga Ulaya na Marekani. Nalisema hili kwa wale wanaoniambia kifaa cha kuokota hakiwezi kutoa muziki wa maana.

Chupa za soda za kioo nazo ni rahisi. Saba, maji tofauti, gonga kwa penseli. Ukigonga, chupa yenye maji mengi ndo yenye sauti nzito kwa sababu kinachotetemeka ni kioo na maji yanakilemea. Ukipuliza mdomoni inageuka, yenye maji mengi ndo inatoa sauti nyembamba, maana hapo kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu na imekuwa kidogo. Ukilijua hilo utapanga chupa zako haraka sana. Kinu na mchi ni besi, weka kinu juu ya mchanga au gunia usipige kwenye sakafu ya simenti. Nyuzi zipo za mshipi wa nailoni wa kuvulia, hapa Kigoma huwezi kukosa, funga kwenye bati la maziwa na mti uwe na zeze.

Kukusanya sauti za nje

Jioni mbili hivi. Tembea na simu, rekodi sauti kumi, kila moja sekunde ishirini, usiongee juu yake. Alfajiri Kibirizi mitumbwi ikirudi na dagaa kuna injini, kuna ndoo, kuna watu wanabishana bei. Stesheni kuna treni, huku ni mwisho wa reli ya kati kwa hiyo inakuja kusimama kabisa, ule mlio wa chuma wa kusimama ni mtamu. Mama anayeanika dagaa muombe kwanza, umwambie unarekodi nini, "shikamoo mama, naomba kurekodi mlio wa dagaa wakimwagwa hapo, sichukui picha", mi sijawahi kukataliwa nikisema hivyo na wengi wanamwaga tena makusudi wakitaka itoke vizuri. Upepo wa ziwa ukiwa mkali unaharibu kila kitu, vesha simu soksi safi nyembamba kwenye kitundu cha maiki na uipe upepo mgongo.

Na jambo la wenyeji: dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika, injini zinanyamaza usiku. Wanaokaa karibu na ziwa hizo ndo siku zenu za kurekodi sauti ya kuimba. Mi nahesabu kalenda yangu kwa mwezi ule wa juu.

Kurekodi chumbani

Nyumba zetu ni ukuta wa simenti na bati, sauti inagonga inarudi, ndo maana rekodi nyingi za nyumbani zinasikika kama mtu yuko chooni. Dawa ni godoro. Lisimamishe nyuma YAKO wewe unayeimba, watu wengi wanaliweka nyuma ya simu, lakini maiki inakuangalia wewe na ukuta ulioko nyuma yako, huo ndo wa kufunika. Tundika blanketi au vitenge pembeni. Mvua ikianza acha, bati halina mjadala.

Simu iweke kwenye alama ya ndege ili isiite, toa kava kama linaziba kitundu cha maiki, iweke shubiri moja na nusu kutoka mdomoni na ikae kwa pembeni kidogo, isitazamane na mdomo moja kwa moja, maana ukisema "pa" na "ba" upepo wa mdomo unapiga puu. Eafoni tumia za waya. Zile zisizo na waya zinachelewesha sauti, utakuwa unaimba nyuma ya biti na hujui kwa nini, niliteseka na hili mwezi mzima. Ap ya kurekodi mi natumia BandLab, ni ya bure, unapanga sauti moja juu ya nyingine. Angalia kile kimstari cha sauti kisifike kwenye nyekundu, kikifika hapo sauti imepasuka na hakuna dawa baadae, bora iwe chini utapandisha. Kabla ya kuimba rekodi sekunde kumi za chumba kikiwa kimya, utahitaji.

Na kila ukimaliza kitu hamishia kopi kwenye memori kadi siku hiyohiyo. Miaka ya nyuma nilirekodi nyimbo tatu kwenye studio moja, nikalipa, kompyuta yao ikafa na hawakuwa na kopi, sauti ya marehemu babu akiimba Kiha ilikuwa humo. Sitaki hasara hiyo impate mtu mwingine.

Kupanga, hapa ndo daftari linarudi

Fungua daftari, chagua ukimya mmoja unaoupenda. Tuseme wa sekunde 2.4. Chukua 240 ugawanye kwa namba hiyo, unapata 100. Hiyo ndo spidi ya wimbo wako, mapigo 100 kwa dakika, iweke kwenye ap. Maana yake mzunguko mmoja wa mapigo manne utachukua sekunde 2.4 kamili, sawasawa na ule ukimya wa mzee wetu. Ukimya wa sekunde mbili unakupa 120. Ukimya mfupi mno utakupeleka kwenye spidi za singeli, zile za juu ya 200, ni raha ila kwa wimbo wa kwanza ni ngumu kupumua.

Sasa weka kinu, weka kayamba ya visoda, weka marimba. Vitatu. Cha nne ukitaka kukiingiza lazima kimoja kitoke, hii sheria mi naishika sana. Kama unasikiliza rumba ya zamani utaelewa. Shem Ibrahim Karenga, mtoto wa Bangwe hapahapa, aliyepiga Lake Tanganyika Jazz kabla ya kwenda Tabora Jazz, sikiliza bendi za kina yeye magitaa yanavyosemezana, moja linauliza lingine linasubiri limalize ndo lijibu, hakuna anayemkatiza mwenzake. Marimba yako na sauti yako ziwe hivyo.

Imba mistari minne kutoka kwenye ile orodha ya thelathini, ile inayogombana kidogo, mmoja wa kujisifu ukifuatiwa na wa kumwomba Mungu mfano. Koras ndo anaingia Joti: rekodi mstari uleule mara tatu, ya kwanza umesimama wima kama kijana, ya pili umekaa kidevu kimegusa kifua kama mzee, ya tatu umeinama na kiganja shavuni kama bibi anayepiga umbea mlangoni. Usitumie ap kubadilisha sauti, badilisha mwili. Sauti ya kijana iache katikati, mzee msukume kushoto, bibi kulia, unapata familia nzima kutoka kwa mtu mmoja.

Halafu tafuta mstari mzito kuliko yote, na baada yake kata KILA KITU mzunguko mmoja, mapigo manne matupu. Pale usiache utupu wa kompyuta, ule umekufa, weka zile sekunde za chumba ulizorekodi. Msikilizaji anabaki chumbani kwako anasubiri. Kisha rudisha kinu peke yake, pigo moja, ndo vingine vifuate. Fanya hivyo mara moja tu kwenye wimbo, mara mbili watazoea.

Sauti moja ya nje, labda treni ikisimama, ndo ya kumalizia. Picha ya wimbo piga kifaa chenyewe, kidumu chini ya mwanga wa asubuhi, kinatosha.

Kutoa nje, toa WAV ya kutunza na MP3 ya kugawa, na WhatsApp ukituma video tuma kama dokumenti isije ikaminywa. Ila kabla ya kugawa nenda kibanda umiza siku ya mpira, fika mapema, mwombe mwenye kibanda dakika mbili za spika watu wakisubiri mechi ianze, mi wangu hunipa bila shida. Usikae mbele, kaa mlangoni na usimwambie mtu ni wako. Ikifika pale pa ukimya angalia vichwa. Kama vingi vimeinuka kuangalia spika na kinu kikarudi mtu akacheka au akasema "eeh", namba ile ilikuwa yenyewe. Kama waliendelea kupiga stori, rudi nyumbani ufungue daftari uchukue ukimya mrefu kidogo kuliko ule, ugawanye upya.